Kabla ya kumlaumu mpiga kura wa Lubumbashi, soma hesabu ya viti

Kila uchaguzi unapopita hapa Lubumbashi hubaki lawama mbili. Ya kwanza: watu wamepiga kura kikabila. Ya pili: wanawake hawapendani, ndiyo maana hawakuwachagua wanawake wenzao. Utazisikia redioni, kwenye makundi ya WhatsApp, hata kanisani baada ya misa. Mimi naona zimebeba sehemu ndogo tu ya ukweli. Kabila lipi lihesabike, mama yupi apate kiti na yupi kura zake ziishie kwa wengine, ni mambo yanayoamuliwa kwanza na mpaka wa jimbo la uchaguzi na namna ya kugawa viti. Mpiga kura huziona hesabu hizo, hujifunza kutokana nazo, kisha ndipo tunamlaumu yeye.

Historia ya mji huu inaonyesha hivyo tangu kura ya kwanza kabisa.

Sheria ya miji ya tarehe 26 Machi 1957 ndiyo iliyowaruhusu Wakongomani kuchagua viongozi wao wa komine, yaani sehemu za utawala za mji. Desemba ya mwaka huo watu walipiga kura katika miji mitatu: Léopoldville, ambayo ni Kinshasa, Élisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi ya leo, na Jadotville, ambayo ni Likasi. Mji wetu ulikuwa umekatwa kwa rangi ya ngozi, Wazungu katikati na Waafrika kwenye komine zao pembeni. Waliopiga kura walikuwa wanaume tu. Matokeo yalipotoka, wengi wa wakuu wapya wa komine za Waafrika walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga, hasa Kasai.

Hilo halikuwa la ajabu kwa anayejua mji ulivyojaa. Union Minière, kampuni ya migodi, ilianza mapema kuwatafuta wafanyakazi mbali, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ikawataka wakae na familia zao badala ya kurudi kwao kila mkataba unapokwisha. Mwaka 1928 reli ya kampuni ya BCK ilifika Port-Francqui, yaani Ilebo, ikapita katikati ya nchi ya Wakasai. Waliopanda treni hiyo walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa wamesoma misheni, wakawa makarani, walimu na mafundi. Kwa hiyo kura ya 1957 ilipopigwa ndani ya mipaka ya mji peke yake, waliokuwa wengi mjini walishinda. Kama mpaka ungechorwa kuzunguka mkoa wote, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Jibu lilikuja haraka. Oktoba 1958 chama cha CONAKAT kikaanzishwa, kikiongozwa kwanza na Godefroid Munongo na baadaye Moïse Tshombe, kikidai kuwatetea waliojiita Wakatanga wa kweli. Waluba wa Katanga, kwa uongozi wa Jason Sendwe, walijiunga nacho kwa muda mfupi tu mwaka 1959, wakatoka, chama chao cha BALUBAKAT kikaungana na ATCAR ya Watshokwe na FEDEKA ya watu wa Kasai katika muungano ulioitwa Cartel. Uchaguzi wa mkoa wa Mei 1960 ulitoa viti 25 kwa CONAKAT na 23 kwa Cartel, kati ya viti 60. Cartel ikasusia vikao ili theluthi mbili za wabunge zinazotakiwa kuunda serikali ya mkoa zisitimie. Bunge la Ubelgiji likaibadilisha sheria mwezi Juni, siku chache kabla ya uhuru, na serikali ya CONAKAT peke yake ikawezekana. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikatangaza kujitenga. Chuki zilikuwapo, sikatai. Lakini ukizifuata hatua zile moja baada ya nyingine utaona kila mara kuna kanuni iliyobadilishwa au mpaka uliochaguliwa kabla ya mtu kushika panga.

Ikaja 1992. Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mwezi Agosti, akachukua nafasi ya Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Familia za Wakasai zilifukuzwa Likasi, Kolwezi na hapa kwetu, zikalala kwenye stesheni kungoja treni. Watu waliozaliwa katika komine za Kenya au Katuba hapa mjini, na baba zao walizaliwa hapo hapo, waliitwa wadudu na kuambiwa warudi kwao.

Halafu 2015. Mikoa 11 ikakatwa ikawa 26, na Katanga ikawa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami. Angalia kilichotokea hapa mjini. Mluba wa Kamina au wa Bukama, ambaye mwaka 1992 alihesabiwa Mkatanga bila swali, alilala Mkatanga akaamka mtu wa mkoa jirani. Swali la "gavana atoke kwa nani" lilihamia kwake. Damu yake haikubadilika, wala lugha yake, wala mtaa anaoishi. Kilichosogea ni mpaka.

Jirani zetu wa Zambia wametoa mfano ulio wazi zaidi wa jambo hili. Mtafiti Daniel Posner alichapisha mwaka 2004 kazi yake juu ya Wachewa na Watumbuka, makabila mawili yaliyokatwa na mpaka wa kikoloni kati ya Zambia na Malawi. Upande wa Malawi wanatazamana kama wapinzani, na wengi walisema wasingemwoa mtu wa kabila lile. Upande wa Zambia wanachukuliana kama ndugu, watu wa Mashariki. Utamaduni ni ule ule pande zote. Tofauti ni ukubwa: Malawi kila kabila ni kubwa kiasi cha kufaa kuombewa kura peke yake, Zambia yote mawili ni madogo ndani ya nchi kubwa, hivyo mwanasiasa huyaunganisha. Anayetaka kujua kabila lipi litapigiwa ngoma katika kampeni ijayo, aulize kwanza lipi linatosha kujaza kiti kimoja ndani ya mpaka uliopo.

Na hapa niongeze jambo ambalo huwa linasahauliwa. Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika 1984. Viti vya bunge hugawanywa kwa idadi ya walioandikishwa na CENI, tume ya uchaguzi: mwaka 2023 walikuwa karibu milioni 44, kwa viti 500, yaani kiti kimoja kwa kiasi cha watu 88,000. Kadi ya mpiga kura haiandiki kabila. Basi mtu akikuambia kwamba sisi ni asilimia fulani ya Lubumbashi, jua hana pa kuitoa hesabu hiyo. Anapandisha bei ya kundi lake.

Hesabu yenyewe

Katika majimbo yenye kiti kimoja, anayeongoza anachukua. Lakini Lubumbashi ina viti vingi, na penye viti vingi sheria yetu inatumia orodha. Mpiga kura anagusa picha ya mgombea mmoja kwenye mashini, au anaandika namba yake. Kura hiyo inafanya kazi mbili: inaingia kwenye jumla ya orodha, na inampandisha mgombea huyo ndani ya orodha yake. Kwanza orodha hupata viti, kisha ndani ya orodha viti huenda kwa walioongoza.

Tuweke namba za mfano. Viti 5, kura halali 100,000. Kigawo ni 20,000 kwa kiti. Orodha A ina 46,000, B 27,000, C 15,000, D 12,000. A inapata viti 2 na kubakiwa na kura 6,000. B inapata 1 na kubakiwa na 7,000. C na D hazijafika kigawo, lakini mabaki yao ni makubwa kuliko ya wote, 15,000 na 12,000, na viti viwili vilivyosalia huenda kwa mabaki makubwa. Mwisho: A viti 2, B, C na D kimoja kimoja.

Sasa ingia ndani ya orodha A. Wagombea watano: wa kwanza kura 15,000, wa pili 13,000, wa tatu ni mama mwenye 9,000, wa nne 6,000, wa tano 3,000. Mama huyu anabaki nje. Ndani ya D wako wanne: 5,000, 3,000, 2,500 na 1,500. Bwana wa kura 5,000 anakwenda Kinshasa.

Mhamishe mama yule, na kura zake 9,000, kutoka A kwenda D. Mengine yote yabaki yalivyo. A sasa ina 37,000, D ina 21,000. A inapata kiti 1 kwa kigawo na baki la 17,000, B kiti 1 na baki la 7,000, D kiti 1 na baki la 1,000, C inabaki na 15,000 zake. Viti viwili vya mabaki vinakwenda A na C. Ugavi ni ule ule kabisa: A 2, B 1, C 1, D 1. Ila kiti cha D sasa ni cha mama, kwa kuwa 9,000 ni zaidi ya 5,000. Wapiga kura ni wale wale, mapenzi yao ni yale yale. Kilichobadilika ni karatasi ya orodha iliyojazwa miezi kadhaa kabla ya kura.

Wengi wa mama wanaogombea hapa huingia kwenye orodha kubwa kwa sababu chama kikubwa kinaonekana kinga. Katika orodha kubwa ndiko waliko waliokuwa mawaziri, wenye kampuni na wabunge wanaotetea viti vyao, na hapo ndipo kura 9,000 zinakuwa ngazi ya kuwapandisha wengine. Orodha ya kati, ambayo ina nguvu ya kupata kiti kimoja na haina jabali kichwani, ndiyo njia yao. Hatari yake iko moja na lazima itajwe: tangu sheria ya 2017 kuna kizingiti. Chama au muungano ambao haukufika asilimia 1 ya kura halali za nchi nzima katika uchaguzi wa bunge la taifa hautiwi katika ugavi wa viti, hata kama hapa katika komine ya Kampemba umefagia. Kabla ya kusaini, uliza chama kina orodha katika majimbo mangapi ya nchi. Kama kipo Lubumbashi na Likasi tu, kura zako zitaanguka chini zote.

Rudi sasa kwenye kabila, kwa sababu hesabu ni hiyo hiyo. Kundi lenye kura 12,000 likizimimina kwa mgombea mmoja katika orodha moja, limepata mbunge. Likizigawa kwa wagombea sita, limekosa. Ndiyo kazi ya mutualité, vyama vya watu wa asili moja ambavyo hapa mjini vinazika, vinachangia arusi na kusuluhisha ugomvi. Wazee wakikaa kikao na kusema "mwaka huu ni fulani", wanafanya kile ambacho kanuni inakizawadia. Sheria namba 04/002 ya tarehe 15 Machi 2004 inakataza chama cha siasa kujifungamanisha na kabila, na sheria ya Juni 1966 dhidi ya ubaguzi wa rangi na wa kikabila bado ipo. Lakini hakuna sheria inayokataza kikao cha Jumapili mchana chini ya mti, wala sidhani inafaa kuwepo.

Wanawake hawana kikao cha namna hiyo. Ni karibu nusu ya walioandikishwa, na ndiyo shida yenyewe: ni nusu ya kila kabila, nusu ya kila mtaa, nusu ya kila kanisa. Kanuni inayozawadia kundi dogo lililoshikana haimzawadii yeyote ambaye watu wake wametawanyika kila mahali. Kusema kwamba wanawake hawapendani ni kukosea mahali pa kuangalia.

Mke wa watu, mtoto wa watu

Kabila na jinsia zinapokutana, mwanamke hulipa mara mbili. Chukua mama aliyezaliwa katika familia ya Kiluba ya Kasai, ameolewa na Mlamba wa hapa, ana duka soko la Kenya na anajulikana na kila mtu. Anakwenda kwa wazee wa upande wa baba yake kuomba baraka. Wanamwambia kwa upole kwamba yeye ni mke wa watu, akishinda faida itakwenda kule alikoolewa. Anakwenda kwa wazee wa mume. Hao wanamwambia ni mtoto wa watu. Mwanamume haulizwi hivyo. Akioa nje, anahesabiwa ameongeza kura za wakwe.

Na kwa watoto wao mambo yanageuka tena. Waluba wanafuata ukoo wa baba, Walamba na Wabemba wanafuata ukoo wa mama. Mtoto wa mama Mlamba na baba Mluba anadaiwa na pande zote mbili, na akiingia siasa ana mlango wa nyuma na wa mbele. Mtoto wa mama Mluba na baba Mlamba, kama yule mama wa soko la Kenya alivyozaa, kwa desturi hana ukoo kamili popote. Wanaotafuta wagombea katika mji huu wanayajua haya vizuri na wanauliza maswali hayo kabla ya kuuliza shule mtu aliyosoma.

Swali la baba na mama limefika hadi juu kabisa. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 inasema mtoto ni Mkongomani tangu kuzaliwa akiwa na mzazi mmoja Mkongomani, baba au mama. Mwaka 2021 likaletwa bungeni pendekezo lililotokana na fikra za mwanasiasa Noël Tshiani, kwamba urais na vyeo vingine vya juu viwe vya mwenye baba na mama Wakongomani tu. Watu wote walijua anayelengwa: Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, ambaye baba yake alikuwa Myahudi aliyetoka kisiwa cha Rhodes na mama yake ni Mkongomani. Mwishoni mwa Oktoba 2023 Mahakama ya Katiba ilikataa shauri la kumwondoa katika uchaguzi wa urais, akagombea, akatangazwa wa pili kwa karibu asilimia 18. Mjadala mzima ulikwenda kwenye rangi na ugeni wa baba. Mimi kinachoniuma zaidi ni upande wa mama: pendekezo lile lingesema kwamba mama Mkongomani peke yake hatoshi kumpa mtoto wake haki zote za nchi hii. Katika mkoa ambao koo nyingi zinapita kwa mama, ni wachache walionyanyua sauti kwa hoja hiyo.

Wanawake wenyewe walipewa haki ya kupiga kura kwa Katiba ya Juni 1967, miaka kumi baada ya wanaume wa mji huu. Sophie Lihau-Kanza alikuwa ameshakuwa waziri mwaka 1966, wa kwanza, kabla hata ya haki hiyo. Mtindo huo umedumu: mwanamke huteuliwa kwa urahisi kuliko anavyochaguliwa. Jeannine Mabunda aliongoza Bunge kuanzia Aprili 2019 hadi alipoondolewa Desemba 2020. Judith Suminwa aliteuliwa waziri mkuu tarehe 1 Aprili 2024, wa kwanza katika historia yetu, na mwezi huo huo Fifi Masuka alichaguliwa gavana wa Lualaba na wabunge wa mkoa. Lakini palipo na kura ya wananchi wote mambo ni haya: mwaka 2006 wanawake 42 kati ya wabunge 500, na baada ya uchaguzi wa 2023 karibu asilimia 13. Wagombea urais walikuwa 33 mwaka 2006, wanawake wanne. Mwaka 2011 walikuwa 11, hakuna mwanamke. Mwaka 2018, mmoja kati ya 21. Mwaka 2023, wawili kati ya 26.

Kwa nini, wakati Katiba ya 2006 katika kifungu cha 14 inaahidi usawa? Jibu limo ndani ya sheria ya uchaguzi, kifungu cha 13. Kilipotungwa mwaka 2006 kilisema orodha zizingatie usawa wa wanaume na wanawake, kisha kikaongeza kwamba kutozingatia si sababu ya kuikataa orodha. Sentensi ya pili iliua ya kwanza. Marekebisho ya Juni 2022 yalileta kishawishi: orodha yenye angalau nusu ya wanawake imesamehewa dhamana inayolipwa CENI. Ni hatua, nami naiunga mkono, lakini ina tundu. Inalipa uwepo wa majina kwenye karatasi. Chama kinachotaka kuokoa pesa kinajaza majina ya wake, mashemeji na makatibu wa ofisi ambao hawatachapishiwa hata bango moja, kisha kampeni yote inawekwa kwa wanaume wawili wa juu. Kama msamaha ungerudishwa kwa chama kulingana na kura au viti ambavyo wanawake wake wamepata, vyama vingetafuta wanawake wenye kura.

Tundu la pili ni wagombea mbadala. Kila mgombea hujiandikisha na wawili wa kumrithi akifa au akipata cheo kisichoruhusu kukaa bungeni. Utasikia chama kikijivunia wanawake wengi, kumbe wengi wao wamo kwenye nafasi hiyo ya pili na ya tatu. Ukipewa ahadi, uliza neno moja: mgombea au mbadala?

Wengine wamefunga matundu haya. Katiba ya Burundi ya 2005 ilitaka orodha ambazo mpangilio wake haubadilishwi na mpiga kura, ambamo kati ya wagombea watatu wanaofuatana si zaidi ya wawili wa kabila moja, na angalau mmoja kati ya wanne awe mwanamke, halafu baada ya kura wakaongezwa watu hadi zitimie asilimia 60 za Wahutu, 40 za Watutsi na 30 za wanawake. Ubaya wake nao ni kwamba kila mtu lazima aandikwe kabila lake hadharani, na hapa kwetu, baada ya 1992, sitaki kuiona karatasi ya namna hiyo ikipita Katuba. Rwanda ilitenga viti 24 kati ya 80 kwa wanawake mwaka 2003, na tangu 2013 wamepita asilimia 60 bungeni. India imefanya jaribio kubwa kuliko yote: tangu marekebisho ya Katiba ya 1993, angalau theluthi moja ya uenyekiti wa mabaraza ya vijiji huwekwa kwa wanawake kwa zamu. Watafiti waliofuatilia vijiji vya West Bengal waliona kwamba wanaume ambao kijiji chao kilikuwa kimeongozwa na mwanamke walipunguza kumdharau kiongozi wa kike, na baada ya zamu mbili wanawake walianza kushinda zaidi hata viti visivyotengwa. Mtazamo ulifuata uzoefu. Haukutangulia.

Ukitaka kumpima mpiga kura

Wanafunzi na vyama vya kiraia hufanya uchunguzi wa maoni kabla ya kampeni, na mara nyingi huuliza: "Je, unaweza kumchagua mwanamke?" Watu karibu wote hujibu ndiyo. Swali hilo halipimi kitu. Njia nzuri ni kutunga wagombea wawili wa kubuni na kumwambia mtu achague mmoja: umri, kazi, komine, elimu, jina. Jina ndilo linalobeba kabila na jinsia bila kuyataja. Mtu mmoja mpe Kasongo mwalimu na Mwamba mfanyabiashara, mwingine mbadilishie kazi zile zile kwa majina ya wanawake. Kisha linganisha makundi. Anayeuliza naye ana uzito: uchambuzi wa takwimu za Afrobarometer, uchunguzi wa maoni unaofanywa katika nchi nyingi za Afrika, umeonyesha kwamba watu hujibu tofauti wanapohojiwa na mtu wa kabila lingine. Wachanganye wahoji, andika nani alihoji nani, na usiwatume wote kutoka chuo kimoja au parokia moja.

Mashini ya kura nayo imebadilisha tabia. Tangu 2018 mpiga kura anaona nyuso, kurasa kwa kurasa. Penye wagombea mamia, asiyeijua namba ya mgombea wake hutembeza kurasa chache kisha hugusa sura au jina analolitambua, na jina analolitambua haraka kuliko yote ni la kwao. Kwa hiyo mgombea asiye na mutualité nyuma yake, na mama wengi wako hivyo, asitumie pesa zake za kwanza kwenye vitenge na fulana. Azitumie kufundisha namba yake. Namba moja, kila mahali, kwa maandishi makubwa kuliko jina: kwenye vibanda vya unga, kwenye vituo vya basi, kwenye kadi ndogo, hadi mtu aingie nayo kichwani chumbani mwa kura.

Jioni ya kura ndipo wengi wanapoibiwa bila kujua. Matokeo ya kila chumba huandikwa kwenye PV, yaani hati ya matokeo, ikasainiwa na mashahidi, nakala ikabandikwa. Shahidi wa orodha hufundishwa kulinda kura za mkuu wa orodha. Kura zikihama kutoka kwa mgombea wa tatu kwenda kwa wa pili ndani ya orodha ile ile, jumla ya orodha haibadiliki na shahidi yule hana sababu ya kupiga kelele. Basi mama awe na mashahidi wake mwenyewe, hata kama ni kwa vyumba vile tu ambako anajua ana watu, na kila mmoja apige picha ya PV iliyobandikwa ukutani kabla haijachanwa, picha nzima yenye namba ya chumba na saini, si kipande chenye jina lake tu. Mahakama hailipi machozi. Inataka karatasi, chumba kwa chumba, jumla ikilinganishwa na ile iliyotangazwa. Karatasi hizo zipangwe usiku ule ule kwa komine, kuanzia komine ya Annexe ambako vituo viko mbali na umeme hukatika mapema.